Chumvi ya Mlima

Nyumba ya Mama Zakia pale Mkuyuni haikuwa na siri. Ukikohoa chumba cha mbele, wa chumba cha nyuma wanakupa pole. Kwa hiyo Dorotea alipomtoroka mumewe kule Buswelu, jino moja la mbele halipo, wapangaji wote tulishajua kisa kabla hajatua mzigo.

Mumewe, Ngosha, alisema mbele ya wazee: "Mnataka aachike? Nirudishieni ng'ombe wangu wa mahari. Wote, na wanono. Wakija mifupa, namchukua mke wangu." Wazee wakaona ni haki. Wakampa Dorotea muda hadi mvua za vuli.

Ng'ombe walikuwepo, kwa kaka yake Masalu. Tatizo lilikuwa kiangazi kile cha kabla ya uhuru. Huku kwetu hata majani ya kuezekea yalikuwa yanaliwa. Masalu akawaswaga mashariki, hadi nyanda za juu kwa Wamasai, chini ya mlima unaotoa moshi.

Sisi tukangoja kwa mdomo. Mama Zakia alishapanga pilau ya talaka, na mume mpya pia: Salehe, fundi cherehani wa barazani.

"Mama Zakia, niache niachike kwanza!" Dorotea alisema, akacheka, pengo kaliziba kwa kanga.

Masalu alirudi na fimbo na kifurushi. Basi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ng'ombe umewaacha wapi?"

Akakaa sakafuni. "Nchi ile haina mti hata wa kufungia mbuzi. Nilichimba maji: vumbi shubiri moja, halafu gamba jeupe, gumu kama saruji. Mzee wa Kimasai akanicheka. Majivu hayo, akasema. Mlima umeyatema tangu kabla ya mababu, manyunyu yakayalowesha, jua likayakausha, yakashikana. Mizizi ya mti haipenyi. Zinaota nyasi fupi tu, basi, mbuga yote ile imefinyangwa na mlima."

"Na nyasi zenyewe?" Dorotea akauliza.

"Tamu, dada. Wakaanza kunenepa. Halafu mlima ukanguruma, kukapambazuka nchi yote nyeupe kama imemwagiwa unga. Nikaonja. Chumvi!"

Tukaelewa kwa nini alifurahi. Msukuma gani asiyejua udongo wa chumvi? Watu hutembeza ng'ombe mwendo mrefu wakaulambe, ngozi ing'ae.

"Wamasai walikuwa wanahamisha mifugo mbio mbio. Nikawacheka, nikasema wajinga hawa, wanakimbia chumvi ya bure. Nikawaachia wangu walambe mpaka watosheke." Akasugua macho. "Wakaharisha. Wakapiga magoti. Hakuinuka hata mmoja."

Alifungua kifurushi, ndani bonge jeupe. Mama Zakia akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema. "Kama magadi. Sisi maharage tunatia chembe tu, wewe umewapa mlima mzima!"

Hakuna aliyecheka.

"Walikuwa wamenenepa kweli?" Dorotea akauliza.

"Walikuwa wanang'aa, dada."

Dorotea akatikisa kichwa, akaenda kuanua nguo.

Ngosha alikuja wiki ile mji unafungwa bendera za uhuru, mvua inamwagika kama haikuwahi kukosekana. Alikuwa mpole. Akaamkia kila mtu, akauliza mzigo wa mkewe uko wapi. Nyumba ile yenye midomo yote ile, kila mmoja aliinamia kazi yake. Salehe alikanyaga cherehani kwa nguvu. Baadaye nikaona hakuwa ameweka kitambaa.

Dorotea alitoka na kapu kichwani. Pengo kaliziba kwa kanga, ingawa hakuwa anacheka.

Siku chache baadaye muuza maziwa kutoka Buswelu alisimama mlangoni, sauti kaishusha, macho yanamtoka. "Mmesikia ya Dorotea?"

"Pima maziwa," Mama Zakia akamwambia, "uende zako."