Mbwa Aliyekonda kwa Maneno

Kwa maelezo ya fundi cherehani wa upande wa pili wa ukuta, mbwa wa nesi alizimia. Alizimia mchana kweupe, akalala chali, miguu yote minne juu, ulimi umetoka nje kama soksi, na roho imeshafika puani. Fundi anasema aliona kwa macho yake mawili, kwa sababu alikuwa amepanda stuli kuanika nguo ya mteja, na stuli yenyewe kwa bahati tu ikawa imewekwa karibu na ukuta. Anasema binti wa mwenye mabanda ya kulaza mbwa alimmwagia mbwa maji, hakuamka. Akamtikisa, wapi. Ndipo binti akainama, akamnong'oneza sikioni jina la nesi, na hapo hapo mbwa akafumbua jicho moja na chozi likamtoka.

"Chozi?" kila aliyesimuliwa aliuliza.

"Chozi, mwenzangu! Kama punje ya mahindi."

Mtaa mzima ulimwita fundi huyo Redio, naye hakuchukia. Alijua redio isiyo na habari huzimwa.

Kilichotokea ni kwamba mbwa alishiba. Binti aliyeonekana na Redio aliitwa Funguo, kwa sababu ya rundo la funguo za mabanda lililomning'inia kiunoni tangu alipomaliza shule ya msingi. Mchana ule alikuwa ameacha sufuria ya chakula ipoe kizingitini, unga uliopikwa na utumbo, chakula cha mbwa wote. Akaenda kumpaka sabuni ya viroboto Sukari, kimbwa cheupe cha mwenye duka la dawa. Aliporudi, sufuria ilikuwa safi kuliko siku iliponunuliwa, na Meja, mbwa wa nesi, amelala kando yake, tumbo kama ngoma, hawezi kusimama wala kujuta. Jua lilikuwa kali. Funguo akammwagia maji joto lisije likamzidia, kisha akainama akamwambia neno sikioni. Halikuwa jina la nesi. Lilikuwa neno ambalo mama yake asingependa kulisikia kinywani mwa binti yake. Na chozi lilikuwa maji ya ndoo.

Mambo yangeishia hapo kama Redio asingekwenda zahanati kupima presha, na kama nesi mwenyewe asingekuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka zamu yake ya mbali, hata mkoba hajautua. Nesi alimfunga Redio ule mkanda wa presha mkononi. Redio akafungua mdomo.

Habari ya Redio peke yake isingemshtua mtu, maana chumvi yake ilikuwa inajulikana. Taabu ni kwamba ilifanana kabisa na yale ambayo Mama, yaani mama yake Funguo, alikuwa akimwambia nesi siku zote pale getini.

Geti lilikuwa la Mama. Baba alijenga mabanda, aling'oa kupe, alikata kucha, na alijua kumtuliza mbwa mkali kwa kukaa tu chini karibu naye na kumpa mgongo, mpaka mbwa aone aibu. Lakini geti alinyang'anywa. Zamani, walipoanza kulaza mbwa wa watu wanaosafiri, mteja wao wa kwanza wa maana, mzee mmoja mwenye gari la kung'aa, alirudi kumchukua mbwa wake akauliza, "Vipi, alinikumbuka?" Baba akadhani ni swali. Akajibu, "Hata kidogo! Amestarehe kweli kweli." Mzee akampakia mbwa wake, akafunga mlango taratibu mno, na hakuonekana tena. Wala yeye, wala rafiki zake.

"Umemjibu nini mtu wa watu?" Mama alifoka siku ile.

"Ukweli."

"Nani kakuomba ukweli? Mtu anakuuliza kama anapendwa, wewe unamwambia mbwa amestarehe!"

Tangu hapo Baba akahamia nyuma, na Mama akatengeneza utaratibu. Kila mbwa, kwa maneno yake, siku ya kwanza hali chakula. Mkubwa huguna usingizini, "kama anakuita, yaani." Mdogo hutetemeka. Wa makamo hukaa akitazama barabara, hata kama banda lake limetazama choo. Na mbwa wa kuchukuliwa hapewi chakula cha asubuhi. Mbele za watu Mama alisema ni ili asitapike garini. Jikoni alisema ni ili akifika kwao ale kwa fujo, mwenyewe aone jinsi mwenzake alivyokuwa akiteseka. Wateja waliondoka wakifuta macho. Na waliofuta macho walirudi.

Kwa Meja utaratibu huu ulikuwa na kasoro moja, kwamba kila alipolazwa aliongezeka. Mara ya mwisho nesi alipata tabu kumfunga mkanda wa shingoni.

"Ni huzuni hiyo," Mama alimweleza bila kupepesa. "Wako wanaokonda, na wako wanaovimba."

Nesi, ambaye uvimbe aliusomea, alitikisa kichwa kwa uchungu.

Funguo hakuwahi kusema uongo kuhusu mbwa yeyote, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza. Yeye alikuwa mtu wa ndani. Aliosha sakafu, alibadilisha matandiko, na aliwatazama. Ukiwatazama mbwa muda mrefu unajua mengi usiyoweza kumwambia mtu. Alijua Sukari hutetemeka kweli, lakini hutetemeka hata kwao. Alijua Meja hulala fofofo mpaka anakoroma. Na alijua habari ya gauni. Nesi alikuwa amemwachia Meja gauni lake la zamani la kazi, jeupe lenye ukosi wa buluu, alalie apate harufu yake. Mama alisema analikumbatia. Meja alilichana usiku wa kwanza kwa furaha kubwa. Kilichobaki Funguo alikuwa akidekia mabanda.

Ndilo alilokuwa nalo mkononi asubuhi nesi alipokuja.

"Karibu, dada nesi, karibu! Pole na safari!" Mama alikuwa amekwishafika getini, uso umeshavaa msiba wa kikazi. "Mwenzio huyo, weee, usiseme."

"Nimeshasikia, mama." Nesi hakuvuka geti. Macho yalikuwa mekundu. "Nimesikia alizimia."

Mama akasita. Miaka yote hiyo hakuwahi kumzimisha mbwa hata mmoja, na kwa nukta moja alimwonea wivu aliyelifikiria.

"Nani kakuambia?"

"Jirani yako. Kaona mwenyewe."

Ng'ambo ya ukuta cherehani iliyokuwa ikikimbia ikasimama ghafla katikati ya mshono.

"Aa... ilikuwa kidogo tu," alisema Mama, ambaye habari ya kumsaidia hakuwa na desturi ya kuikanusha. "Si unajua mapenzi."

"Basi nimekata shauri. Leo ndiyo mwisho. Simwachi tena."

Uso wa msiba wa Mama ulibaki pale pale, ila nyuma yake hapakuwa na mtu.

"Humwachi... wapi?"

"Popote." Nesi akashika nondo ya geti. "Mama, nimechaguliwa kwenda kusomea ukunga. Miaka yote naomba, kila mwaka wanachagua mwingine. Safari hii wamenichagua mimi, na kesho wanataka jibu. Nilikuwa nije nikuombe ukae na Meja mpaka nimalize, niwe namwona likizo. Lakini kama zamu moja tu inamzimisha, masomo si yatamuua? Nitawaambia hapana. Wampe mwenye nafasi."

Funguo alisimama kwenye ujia wa mabanda, ndoo miguuni, akimtazama mama yake. Kwa mara ya kwanza alimwona akitafuta njia ya kurudi nyuma getini, na njia haikuwepo. Alikuwa ameijaza mbwa wenye huzuni.

"Lakini siku hizi anakula, dada," Mama alianza.

"Anakula?"

"Anaonja onja."

"Juzi kwenye simu ulisema hata maji anayaangalia tu."

"Anayaangalia, halafu anayanywa."

"Mama yangu."

"Anakunywa sana, dada! Na kula anakula! Tena yule, nikwambie ukweli wa Mungu, yule ni mlafi!"

Nesi akamshika mkono Mama, akaubana kwa huruma. "Usinifariji, mama. Najua una moyo mzuri."

Ulikuwa ukweli wa kwanza Mama kuutoa getini tangu alipokabidhiwa geti, na ulikuwa umepokelewa kama uongo. Alimtafuta Baba kwa macho. Baba alikuwa banda la mwisho akimkata mbwa kucha, na kila alipotazamwa alizidi kuinama, mpaka ikawa kama mbwa ndiye anayemkata yeye.

"Ngoja nikaangalie sufuria," Mama akasema. "Nasikia harufu ya kuungua." Akaingia jikoni. Jikoni moto ulikuwa haujawashwa.

Hivyo Funguo ndiye aliyemfungulia nesi geti, na ndiye aliyekwenda kumtoa Meja. Meja alitoka mbio. Alimrukia nesi mabegani, akamlamba shavu, akazunguka, akalia kile kilio chembamba cha furaha, mkia unapiga ndoo paa paa. Ungedhani amefufuliwa. Funguo alitazama. Juzi Meja alikuwa amemlaki hivyo hivyo mtu wa kuleta utumbo, na mtu wa utumbo hakuna aliyemwambia kuwa amekumbukwa.

Lakini uso wa nesi ulikuwa umefunguka. Uchovu wote wa zamu ulianguka. Funguo alijua nesi anaishi peke yake katika chumba nyuma ya zahanati. Mwenyewe aliwahi kusema akicheka, huku akimkuna Meja kichwani, kwamba huyu ndiye mtu pekee anayemsubiri.

"Lile gauni langu," nesi aliuliza akiwa amechuchumaa, "linamsaidia?"

Funguo aliisukuma ndoo nyuma yake kwa kisigino, na gauni lenyewe akalidumbukiza humo bila kugeuka.

"Linatumika, dada," alisema. Na hilo, kwa kweli, lilikuwa kweli.

Ndipo akapata wazo. Kama maneno yamekwisha thamani getini, basi mbwa ajieleze mwenyewe. Nesi aone kwa macho jinsi Meja anavyokula hapa. Akakimbia jikoni, akampita Mama aliyesimama katikati bila kushika chochote, akachota bakuli likajaa na kilima juu yake, akaliweka mbele ya Meja.

Meja alikula kama nyumba inaungua. Alikula anaguna, bakuli likisafiri sakafuni naye akilifuata, mpaka likagonga ukuta.

Funguo akainua macho kwa matumaini. Nesi alikuwa analia.

"Umeona?" nesi alisema, mkono mdomoni. "Umeona, Funguo? Ameniona tu, amekula."

"Hapana, dada, huyu leo asubuhi hakupewa..."

"Hakutaka. Najua. Mama amenieleza."

Funguo akakumbuka mkono wa Mama ukimpokonya bakuli la Meja alfajiri ile, na akaona jinsi utaratibu ulivyojengwa vizuri. Huwezi kuutoboa hata kwa kumlisha mbwa. Yalibaki maneno, na mwenye maneno alikuwa amejificha jikoni.

Nesi alijifuta kwa kiganja, akavuta pumzi, akamtazama kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama. Siku zote alikuwa akimtazama kama mlango wa banda.

"Mdogo wangu," alisema. "Mama yako ni mtu mwema, ananipaka mafuta. Redio ni Redio. Ila wewe ndiye unayeshinda nao na kulala karibu yao, na hujawahi kuniambia neno, si zuri wala baya. Niambie wewe. Nikienda kusoma, huyu atakaa bila mimi? Usinionee huruma. Ukisema hawezi, nabaki, na sitamlaumu mtu. Ukisema anaweza, naondoka."

Funguo aliyaona yote mawili, yamesimama mbele yake kama mbwa wawili wanaotaka kupita mlango mmoja. Akisema anaweza, nesi atakwenda, atakuwa mkunga, na usiku huko masomoni atalala akijua kwamba hapa duniani hakuna anayemsubiri. Na kesho mwenye duka la dawa atauliza habari za Sukari, na keshokutwa mwingine, mpaka geti libaki na kufuli lake tu. Akisema hawezi, hakuna atakayemuuliza kitu tena. Nesi atampenda. Mama atamkumbatia. Na kila zamu ikiisha nesi atarudi chumbani kwake kwa Meja, mnene, anayekoroma, asiyejua alichogharimu.

Juu ya ukuta kitambaa cha kichwa kilipanda polepole, kama cha mtu anayepapasa stuli kwa mguu, kikafuatiwa na macho mawili. Banda la mwisho, mkasi wa kucha uliacha kulia.

Meja alililamba bakuli mara ya mwisho, akalitazama kama limemsaliti. Kisha akaja akajibwaga chali sakafuni katikati ya wanawake wawili, tumbo juu, akisubiri mkono. Mkono wowote.

"Niambie, mdogo wangu," nesi alisema tena.