Neno kwa Petite

Mume wa mtu Cathy hakuwahi kumtamani. Gari la mtu, nyumba ya mtu, hata mtu kupata karatasi za ukaazi huku yeye bado anapanga foleni, yote hayo aliyapita bila kugeuza shingo. Lakini jina, jamani! Jina la Henriette lilimla roho, na lilimla zaidi siku za Jumamosi, Waingereza wanapokimbia.

Sikilizeni ilivyokuwa. Yule msichana mwembamba anayekimbia mita mia nane kwa jezi ya Uingereza alizaliwa hapa hapa Durban, mtoto wa Marie wa Bukavu. Marie aliposhuka kwenye basi na tumbo lake, Henriette mwenye saluni ndiye aliyempa kitanda, basi mtoto akaitwa Henriette. Kwa Wakongo hilo si jambo dogo. Watu wawili wakishagawana jina hawaitani tena kwa jina hilo, kila mmoja humwita mwenzake "majina". Na mtoto hafanyi jambo kubwa, iwe ndoa, safari au mtihani, bila kuomba neno kwa majina wake. Sisi wengine tulimwita Petite.

Haya, na nani aliyembeba Petite mgongoni, Marie akiwa sokoni tangu alfajiri? Cathy. Nani aliyempeleka shule na kumrudisha? Cathy. Nani aliyemfundisha kukimbia kwenye mchanga wa ufukoni, yeye ambaye enzi za shule wasichana wa Bukavu walimjua kwa kisogo tu? Cathy huyo huyo. Halafu Marie akamfuata mumewe Sheffield, mtoto akakua, akaingia klabu, akaanza kushinda, na hongera zote zikaenda kwa nani? Kwa mwenye jina! Mtu ambaye taksi ikimwacha hawezi kuikimbilia hata hatua kumi.

Jumamosi hiyo ilikuwa fainali ya ubingwa wa Uingereza. Wawili wa kwanza wangeingia moja kwa moja kwenye timu ya mashindano ya dunia, wa tatu na wa nne wabaki mikononi mwa wachaguzi. Yakoob, mwenye duka la simu la mlango wa pili, alikuwa ameleta skrini yake kubwa na kuiegemeza kwenye kioo cha saluni. Athanase, dereva wa makontena, alikuwa ameliacha lori lake nje, barabara ile ya Clairwood ambako hakuna anayeuliza lori linafanya nini, na kujitupa kwenye kiti cha wateja. Cathy, msusi wa saluni hiyo, alikuwa anamsuka mama mmoja. Henriette alikuwa anampaka mwingine dawa ya nywele.

"Mita elfu na mia tano sina wasiwasi nayo," alisema Yakoob. "Hapo wamejaa tele. Mbio za vijiti ndizo zinazonipandisha presha, wallahi. Kila mwaka najiambia mwaka huu watafika, kila mwaka kijiti hicho chini!"

"Wacha vijiti, tuongelee mtoto wetu," Athanase akamkatiza. "Mwezi uliopita uliona? Alikaa nyuma ya ule murefu wa Leeds, akakaa, akakaa, kufika kona ya mwisho, paa! Ule wa Leeds hakujua ni nini imemupita. Eish! Petite iko na akili ya mbio, donc akiingia timu, hata medali iko."

"Neno nililompelekea ndilo hilo," Henriette akasema, brashi mkononi. "Kaa begani kwake mpaka kona ya mwisho."

"Majina wa kweli!" Yakoob akampigia makofi.

Vidole vya Cathy vilisimama kichwani mwa mteja. Neno nililompelekea! Neno lile lilitoka kinywani mwake yeye, hapo hapo alipokuwa amesimama. Henriette alikuwa ameuliza kama mtu anayepoteza muda tu: "Cathy, ingekuwa ni weye, ungekimbia namna gani?" Naye kwa upumbavu wake akajibu. Na kabla ya hapo vile vile, na kabla ya hapo tena. Kila mara Henriette huuliza, huchukua simu, hutoka uani kurekodi sauti, na siku ya mbio Petite hukimbia alivyosema Cathy, hatua kwa hatua. Kisha saluni nzima inampigia makofi mwingine. Cathy alimeza mate, yakawa machungu. Mtoto nimlee mimi, akili niitoe mimi, jina liwe lako na sifa ziwe zako? Nibakiwe na nini, kuchana nywele?

"Unaniumiza kichwa, mama," mteja akalalamika. Cathy alikuwa anavuta suka kama mtu anayefunga mzigo.

Skrini ilionyesha uwanja. Bendera zilikuwa zinapigwa na upepo mpaka milingoti inatikisika.

"Upepo hapo ni mkali," alisema Athanase. "Mwenye kuongoza atawakatia wenzake upepo, yeye afe."

Henriette alinawa mikono, akachukua simu. "Petite ananingoja. Cathy, leo akimbie namna gani?"

Cathy alijua. Mtu yeyote aliyewahi kukimbia angejua: ajifiche nyuma ya wengine, awaachie upepo, atoke mwishoni kabisa. Jibu lilikuwa tayari ulimini. Akaliona pia litakakoishia, makofi, majina wa kweli, Henriette akitabasamu na brashi yake. Siku moja tu, akawaza. Siku moja tu neno la Henriette limwaibishe Henriette.

"Leo aongoze," akasema. "Bunduki ikilia tu, atoke mbele. Asimngoje mtu."

"Aongoze?" Athanase akajiinua kitini. "Na upepo ule? Mama Cathy, weye?"

"Endesha lori lako, Athanase. Huyo wa Leeds ameshamzoea, atamngoja konani. Leo amshtue."

Kwa jinsi lilivyosemwa, hata Yakoob alitikisa kichwa kukubali. Henriette alitoka uani. Mlango aliuacha wazi, na kama Cathy angezima ile draya angesikia kila kinachosemwa huko nje. Hakuizima. Aliiongeza moto. Mara moja moyo ulimwambia, mfuate, mwambie umekosea. Akachukua kitana na kugawa nywele upya.

Baada ya nusu saa bunduki ililia. Petite alichomoka kama alivyoagizwa, akawa wa mbele kabla ya kona ya kwanza, na saluni ikalipuka. Kengele ya mzunguko wa mwisho ilipopigwa bado alikuwa anaongoza. Henriette alikuwa anaruka na aproni yake, "Majina! Majina!" Athanase peke yake alikuwa kimya. Cathy aliona mabega ya mtoto yanaanza kupanda. Aliyajua mabega yale. Tangu ana miaka sita, akichoka yanapanda hivyo hivyo.

"Shusha mabega," akanong'ona. Kisha akapiga kelele, "Shusha mabega, mwanangu!"

Upepo ulimpiga usoni upande wa pili wa uwanja. Yule wa Leeds alimpita kwenye kona, akafuata wa pili, na hatua chache kabla ya mstari, wa tatu. Petite alivuka mstari, akaanguka kwa magoti. Wa nne.

Nje lori fulani lilipita likielekea bandarini, vioo vikatetemeka. Cathy aliingoja ile furaha ndogo aliyojiahidi, aibu ya Henriette. Henriette alikuwa ameketi sakafuni, analia waziwazi. Furaha haikuja.

Baada ya muda simu iliita. Ni Petite, kwa video, macho mekundu, namba bado kifuani.

"Majina, pole," Henriette akasema. "Pole sana, chérie."

"Asante, majina. Mama Cathy iko hapo? Nipe yeye."

Henriette akamkabidhi Cathy simu, bila kuonyesha kushangaa hata kidogo.

"Mama Cathy, usinikasirikie," alisema Petite. Kiswahili chake bado kilikuwa cha Durban, cha mgongoni. "Kocha alisema nikae nyuma, sababu ya upepo. Nikamwambia hapana. Nikamwambia mama yangu wa Durban amesema niongoze, na hajawahi kunidanganya. Tumegombana sana. Sasa hata hataki kuniombea kwa wachaguzi."

Cathy akaisogeza simu karibu na uso. "Nani alikuambia neno lilikuwa langu?"

"Majina! Si kila mara anaanza hivyo? 'Cathy anasema hivi, Cathy anasema vile.' Tangu mbio ya kwanza kabisa."

"Sasa mimi najua nini ya mbio?" Henriette akasema kutoka sakafuni, akijipangusa pua kwa aproni. "Natoa baraka tu. Neno nauliza mwenye kujua."

Athanase alikuwa anamtazama Cathy. Alimtazama kidogo tu, kisha akainamisha kichwa na kuanza kupekua mifuko akitafuta funguo za lori zilizokuwa mezani mbele yake.

"Mama, niambie tu," Petite akaendelea. "Nilifanya vile ulivyosema. Nilikosea wapi?"

Mteja alikuwa amegeuka na nusu ya kichwa haijasukwa. Yakoob alikuwa amezima sauti ya skrini. Wote walingoja, na huko kwenye simu mtoto naye alingoja, kwa uso ule ule aliokuwa nao akingoja mlangoni mwa shule.

"Hukukosea, mwanangu," Cathy akasema. "Upepo niliuona. Niliuona kabla hujatoka."