Mbeleko na Cheni

Galih ndiye aliyeiona kwanza. Alikuwa amepakiwa nyuma ya Tegar, hana kazi zaidi ya kuangalia watu, mara akaanza kumgonga mwenzake begani kama mtu anayegonga mlango wa choo.

"Gar! Oya, Gar! Cheki pikipiki ya mbele! Mbeleko!"

"Nini?"

"Mbeleko, we kiziwi! Inagusa cheni!"

Tegar akainua kidogo kioo cha helmeti. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu na mteremko wa Gombel ulikuwa unateleza kinoma. Mbele yao kulikuwa na pikipiki kuukuu, inaendeshwa na baba mmoja mwenye jaketi la kiwandani. Nyuma yake mama amekaa upande, miguu yote kushoto, na kifuani kwake mtoto mchanga amefungwa kwa kitambaa cha batiki. Fundo lilikuwa begani. Ncha moja ndefu ilikuwa imemponyoka mapajani, inaning'inia, upepo unairusha huku na huku, na kila ikirudi inarudi karibu na cheni. Cheni yenyewe ilikuwa uchi, kava lilishatolewa zamani.

Cheni ikishika kitambaa haiachii, inavuta tu mpaka tairi ligome. Na upande wa pili wa kitambaa hicho alikuwepo mtoto.

Sasa kwao, mjini Semarang, jambo kama hili lina utaratibu wake. Ukimwona mtu kasahau stendi iko chini, unampigia kelele "Stendi!" na yeye anairudisha kwa kisigino bila hata kukuangalia. Kasahau indiketa, "Indiketa!" Hakuna anayekuuliza wewe ni nani, mtoto wa nani. Kwa hiyo Tegar hakuwaza mara mbili. Akaongeza moto, akapita kushoto kwao, kati ya pikipiki yao na ukingo wa barabara, akapiga kelele.

"Mama! Mbeleko!"

Hakujisikia hata mwenyewe. Ekzosi ya pikipiki yake alikuwa ameitoboa wiki ile ile waliyomaliza mitihani, na tangu hapo akipita mtaani mbwa wanaamka. Galih akaona maneno hayafiki, akanyoosha mkono, akaonyesha kwa kidole pale pale mapajani kwa yule mama.

Mama akageuza uso, akaona nini? Vijana wawili, vioo vyeusi, midomo imefungwa vitambaa, pikipiki haina hata kioo kimoja cha pembeni, na mkono unakuja kwenye mapaja yake, alipomshika mtoto na alipoweka mkoba. Akapiga ukelele ambao hata wao waliusikia. Akamkumbatia mtoto, akampiga mumewe mgongoni. Mume akatupia jicho kwenye kioo chake, na pikipiki ikaruka mbele.

"Wanakimbia!" Tegar akasema. "Wanakimbia nini?"

"Wanatukimbia sisi! Wanadhani sisi vibaka!"

"Sisi?"

"Jicheki basi, we bwege! Ningekuwa mimi ningekimbia mpaka Jakarta!"

Kwenye mteremko ule ule, siku chache nyuma, mwalimu mmoja alikuwa amenyakuliwa mkoba na vijana wawili. Kila mtu alikuwa na habari hiyo. Yule baba pia alikuwa nayo, maana alichomoka kati ya malori mawili kama hana mtoto nyuma. Kadiri alivyokimbia ndivyo ncha ya mbeleko ilivyozidi kucharuka.

Tegar akapunguza mwendo. Akajisemea, nikirudi nyuma atatulia. Wakarudi nyuma, wakahesabu pumzi, lakini wapi. Yule baba alishapata woga na woga ulikuwa unamwendesha yeye. Chini kule kulikuwa na kona, baada ya kona kuna taa, na kwenye taa foleni ya magari. Ncha ya kitambaa ikagusa cheni, ikaruka. Ikagusa tena.

"Fanya kitu, Gar! Fanya kitu, bwana!"

"Nikimfuata anakimbia! Nikimwacha anakufa! Nifanye nini?"

"Mimi nitajuaje? Dereva ni wewe!"

Akafuata. Akapenya kati ya malori yale yale, matope yakimrukia magotini, na akiwa katikati pale, kelele za ekzosi yake zikigonga kwenye mabodi na kumrudia masikioni, ndipo akili ikamjia. Akatoa gia. Akazima.

Kimya kikaja ghafla, mpaka Galih akadhani pikipiki imekufa.

"Imekuwaje?"

"Nimezima! Vua helmeti! Mwonyeshe sura yako!"

Pikipiki iliyozimwa kwenye mteremko uliolowa haina adabu. Ina uzito wake na ina haraka zake, na huna kitu ila breki. Tegar akaishikilia kwa magoti, vidole viwili juu ya breki, akavuta kitambaa cha mdomoni kikaanguka shingoni. Galih akavua helmeti, akabaki na uso wake wa chunusi na nywele zimelala kama za mtoto aliyetoka kuoga. Wakateremka kimya kimya, tairi tu zikisikika kwenye maji, mpaka kwenye kona, yule baba alipopunguza mwendo, wakawa ubavuni kwao.

"Mama!" Galih akapaza sauti. "Mama, mbeleko yako! Cheni! Angalia cheni!"

Safari hii alisikia. Akainama kutazama. Tegar aliuona uso wake ukibadilika.

"Baba Wening! Simama! Kitambaa kipo kwenye cheni!"

"Usiwasikilize! Ndio ujanja wao huo, usimame wakupore!"

"Nakiona kwa macho yangu! Simama, mume wangu, simama!"

Na hapo hapo cheni ikashika.

Mama akavutwa chini na nyuma, bega lake likashuka kama limepigwa na mtu. Mume akabana breki kwa nguvu zote, katikati ya barabara. Tegar hakuwa na vioo vya kumwambia nini kinakuja. Galih ndiye aliyegeuka.

"Lori! Gar, lori la mchanga!"

Honi ikalia. Tegar angeweza kuserereka akapita zake, njia ilikuwepo. Badala yake akabana breki, pikipiki ikayumba nyuma, ikakaa mgongoni mwa wale watu. Galih akasimama juu ya vikanyagio, akipunga helmeti juu ya kichwa kama kichaa.

"Kulia! Kulia, mzee! Kuna mtoto! Kuliaaa!"

Lori likainama upande, likakata kulia, likapita karibu sana, upepo wake ukawasukuma, tope likawajaa usoni. Lilipopita, pikipiki ya yule baba ilikuwa imeserereka ikagota kwenye ukingo wa kushoto, imelalia mguu wake, haijaanguka.

Tegar akamwachia Galih pikipiki, akakimbia. Mbeleko ilikuwa imekaza kama kamba kutoka begani kwa mama mpaka kwenye meno ya cheni. Mama amekunjika, hawezi kuinuka, na mtoto amebanwa ndani, halii. Hicho ndicho kilichomtisha Tegar kuliko lori.

"Toa gia!" akamfokea yule baba.

"Ondoka! Usimguse mke wangu!"

"Toa gia, mzee! Tuirudishe nyuma! Mtoto anabanwa!"

Baba akatazama nyuma, kwa mara ya kwanza akaona. Mguu wake ukatafuta gia. Ikatoka. Wakaisukuma pikipiki nyuma pamoja, huyu ameshika usukani, huyu amekumbatia siti, tairi likazunguka kinyume, na cheni ikatema kitambaa kidogo. Kidogo tena. Mama akapata nafasi ya kupitisha mkono, akamvuta mtoto kwa juu kama anayemtoa kwenye gunia.

Mtoto akakohoa. Kisha akalia, na alilia kweli kweli.

"Wening," mama akasema. "Wening, mwanangu, lia. Lia tu."

Bado yeye mwenyewe alikuwa amenaswa begani, fundo limekaza na mkono wa kushoto haunyanyuki. Akageuka huku na huku. Mumewe alikuwa amepiga magoti kwenye cheni, mikono myeusi kwa grisi. Galih alikuwa na pikipiki. Akamnyooshea Tegar mtoto.

"Shika, kaka."

"Mimi?"

"Nani mwingine? Mshike vizuri, shingo hiyo, shingo!"

Baba akainua kichwa, akamwona Tegar amenyoosha mikono. Akarudi kwenye cheni.

Tegar akampokea. Alikuwa mwepesi kuliko alivyodhani, na moto kama mkate, anapiga mateke. Malori yakawa yanaendelea kushuka. Akageuka akayapa mgongo, mtoto akabaki upande wa ndani, akasimama hivyo hivyo.

"Mpigepige mgongoni, bwege," Galih akamwambia. "Si unaona analia?"