Gundi Haijashika

Kabla mashine hazijaanza kuchapa mabango, mji mzima uliandikwa na mkono wa mtu mmoja. Duka la dawa, kinyozi, shule, hata lile onyo la "Usikojoe hapa" nyuma ya soko, yote yalikuwa maandishi yake. Hakupimia rula. Alishusha pumzi, akavuta burashi, na mstari ukatoka umenyooka hivi kwamba sisimizi, kwa maneno yake mwenyewe, waliiacha njia yao wakaufuata huo wakidhani ni barabara mpya. Watu wakambandika jina la Mzee Mstari, na jina likamganda hata baada ya kustaafu.

Sasa Mzee Mstari huyo huyo alikuwa amesimama katika chumba cha nyuma, kifua kimelalia boksi la spika, mikono yote miwili imelikumbatia. Lango la nje limelia. Binti yake kafika, na binti yake ni nesi.

Tatizo lilikuwa mkono wa kulia. Ukiwa na kazi, ulitulia kama maji mtungini. Ukikosa kazi, kidole gumba na cha shahada vilianza kusuguana taratibu, kama vinasokota uzi usioonekana, kisha kiganja kizima kikaingia kwenye ngoma. Aliugundua mchezo huo siku moja akisikiliza redio. Akaukalia mkono. Tangu hapo hakuupa mapumziko.

Hiyo ndiyo asili ya maboksi ya spika. Majirani walidhani mzee kapenda muziki uzeeni. Alinunua rauta, ile mashine ya kuchonga mbao ambayo kisu chake huzunguka kwa kelele za nyigu waliochokozwa, akajifunza peke yake, kwa kuharibu. Alijifunza kuisukuma dhidi ya mzunguko wa kisu, la sivyo inakukimbia kama mbuzi aliyekata kamba. Alijifunza kwamba ukisita mahali pamoja mbao inaungua na kubaki na doa jeusi. Alijifunza kuchimba mifereji myembamba mgongoni mwa plaiwudi, mmoja kando ya mwenzake, mpaka ubao mkaidi ukakubali kukunjwa kama mkeka na kuzungushwa kwenye mbavu za boksi. Boksi la pembe nne angelimaliza kwa siku moja. Alitaka yaliyopinda, yenye tumbo kama gitaa, kwa kuwa yaliyopinda hayaishi upesi, na wakati wote akishika vile vishikio viwili vya rauta, mkono ulikuwa wake. Hofu ilimrudia pale tu alipozima swichi.

Mkewe ndiye aliyempigia binti simu, ati aje aone maboksi ya baba yake. Mzee hakudanganyika. Mwanamke ambaye kila siku aliyaita maboksi hayo majeneza ya paka, leo anayaitia wageni? Alikuwa anamwita nesi. Na nesi akishauona mkono, rauta itafungiwa kabatini, halafu mkono utabaki bila kazi, ucheze kutwa nzima mbele za watu, mpaka mji uliompa jina uje umvue.

Basi akapanga hila. Aliposikia binti yuko njiani, alipaka gundi ubavu wa mwisho, akaukunja, akavificha vyuma vya kubania, akaukumbatia kwa mikono. Kazi ya kubana haina mwisho, mradi gundi iwe na fundi wa kuisingizia.

"Hodi wenyewe! Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Usinipe mkono, nina gundi mpaka kwenye viwiko."

"Mbona umelikumbatia hivyo? Mama atakuona."

"Ameshaniona. Wivu unamla tangu asubuhi."

"Wivu wa nini?" mkewe akajibu kutoka mlangoni, kikombe mkononi. "Halipiki, halifui, linakaa tu hapo. Mmefanana."

Binti akacheka, akavuta stuli akaketi. "Gundi yenyewe huchukua muda gani kushika?"

"Inategemea na tabia yake. Kuna moja niliitumia zamani kwenye bango la sinema. Nimelishikilia, nikapitiwa na usingizi. Naamka, nimebandikwa mimi, na watu wamepanga foleni chini wananiuliza naanza saa ngapi."

Binti alicheka tena, lakini macho hayakucheka. Yalitoka usoni yakashuka begani, kutoka begani hadi kiwiko. Mzee aliyajua macho hayo. Hayakuwa ya mtoto kwa baba yake, yalikuwa ya wodini. Akakaza kumbatio.

Chini ya mikono yake ubao ulikuwa umeshaacha kusukuma. Gundi ilishika zamani. Bega la kushoto lilikuwa limekufa ganzi, jasho linamtambaa mgongoni kama mdudu asiyejua aendako.

"Kunywa chai basi, inapoa," mkewe akasema.

"Iweke pale."

"Nikunyweshe, baba?"

"Mimi si mgonjwa!"

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. Mkewe akaweka kikombe juu ya meza, akatoka, akarudi na vyuma vinne vinavyogongana kwapani.

"Vyuma vyako hivi. Vilikuwa ndani ya kapu la nguo chafu. Nyumba hii nani anafua?"

"Nilivisahau."

"Ukavisahau, ukavifunika na shuka!"

Binti alivipokea kimoja kimoja, akavifunga juu na chini ya boksi, akakaza skrubu mpaka vikalia. Alipomaliza akasimama mbele ya baba yake.

"Achia sasa."

"Gundi haijashika."

"Vyuma vimeshika."

"Wewe mtaalamu wa sindano. Ya mbao niachie."

"Wahenga walisema," mkewe akaanza, "mficha maradhi..."

"Usimalizie!" Alijua methali hiyo inaishia na nani, na hakutaka atajwe humu ndani.

"Baba," binti akasema polepole. "Achia."

Akaachia. Wa kushoto ulitangulia, mzito kama wa kuazima. Wa kulia ukafuata. Alitafuta mfuko auzamishe. Aproni haikuwa na mfuko. Mkono ukaning'inia. Kwa kitambo ulitulia kabisa, hata akaanza kutumaini, akawa tayari kuwauliza wanatazama nini. Kisha kidole gumba kikaanza.

Binti alimsogezea stuli akamkalisha. "Gusanisha kidole gumba na hiki. Fungua, funga, haraka haraka."

Akaanza kwa fujo za kijana. Baada ya muda mfupi vidole vilizidi kufunguka kidogo, kidogo zaidi, kama saa inayoishiwa betri.

"Tembea mpaka mlangoni, urudi."

Akatembea. Mkono mmoja ulipunga, mwingine ulijibana ubavuni. Hakuwa na habari kwamba unafanya hivyo. Aliiona habari hiyo usoni mwa mkewe.

"Tangu lini?"

Alifungua mdomo. Hadithi ilikuwepo tayari, ina treni ndani yake na nyuki. Akaimeza.

"Kabla ya kununua rauta."

"Baba! Si ni mwaka jana hiyo?"

"Mimi nalala na mkono huo kitanda kimoja," mkewe akasema, sauti imemkauka. "Usiku mwingine naushika mpaka unatulia. Nikadhani anajua kwamba najua."

Mzee alimtazama mke wake, akakosa hata mzaha mmoja.

"Ni nini?" akamwuliza binti.

"Mimi si daktari, na sitakudanganya. Kuna kitu nakihofia. Kama ndicho, dawa zipo za kukusaidia. Za kukiondoa, hapana."

"Na rauta?"

"Hilo tutamwuliza daktari. Kwa leo, ichomolewe."

Aligeuka kutafuta wa kumtetea, akamkuta mkewe ameshauchomoa waya na anauzungusha kwenye kiwiko kama kamba ya kuanikia nguo.

"Kliniki bado iko wazi," binti akasema. "Kabadilishe shati twende."

Chumbani alichagua shati lake zuri. Kifungo cha kwanza kikamtoroka. Cha pili kikaingia tundu lisilo lake. Aliusukuma mlango kwa kisigino ujifunge, ukabaki wazi kidogo, na kupitia upenyo ule akawasikia wakinong'ona, kisha wakinyamaza, na ukimya ule ukamtisha kuliko minong'ono. Akasimama na shati wazi kifuani. Halafu akaufungua mlango wote.

"Bibie! Njoo unifunge vifungo."

Akaja. Hakuuliza, hakutania. Alianzia juu.

"Inua kidevu."

Akainua. Mkono ulikuwa unacheza kati yao, unamgusagusa mkewe kwenye tumbo la gauni, naye akauacha ucheze.