Ng'ombe wa Bhoke Waliomo Ndani ya Simu

Mzee Magige alipokuja Nyakunguru kukagua mahari ya binti yake, mshenga nilikuwa mimi. Asiyeniamini amuulize jogoo wa Bhoke, alikuwepo. Bwana harusi, Erasto, alikuwa mtoto wa Bhoke, na ng'ombe wasipoonekana zizini, hakuna ndoa. Zizi lilikuwa tupu, hata kupe walishahama.

"Mama Erasto, ng'ombe wako wapi?"

"Wamo humu, mzee wangu." Akainua simu.

Hela ya ugali aliowauzia wachimbaji dhahabu, Bhoke alinunulia hisa za benki kwa simu, palepale jikoni, mwiko mkononi.

Magige akacheka hadi fimbo ikamponyoka. "Wanakunya?"

"Hawanyi, ila wanazaa. Benki ikipata faida, nagawiwa."

"Haya, mtoe mmoja nimwone."

Bhoke akabonyeza, akauza hisa chache. Baada ya siku kadhaa hela ikaingia, tukaenda mnadani, na mtamba mnono akaingia kwa Magige akilia. Sauti ilifika hadi Sirari, mpakani.

Mzee akampapasa mgongo. Mwaka uliopita wezi walimswagia kundi zima.

"Wezi wanaijua njia ya kuingia kwenye simu?"

"Namba ya siri iko kichwani mwangu, mzee."

"Basi ndoa ipo. Nifungulie na mimi zizi humo, mahari iliyobaki uniwekee huko."

Siku hizi kila jioni Magige huipigia simu yake mluzi, kama anayerudisha mifugo. Juzi ilimjibu kwa mlio wa mtamba. Nilikuwepo.