Kibuyu Kutoka Kibondo

Vumbi la Kasulu ni jekundu, Hilali, na halingoji kukaribishwa. Liliingia kwenye buibui langu, likaingia kwenye viatu, likaingia kwenye chai aliyoniletea dada yako Kuruthumu kabla sijakaa vizuri. Nilikuwa nimeshuka garini Ijumaa jioni, nimetoka Bujumbura kwa njia ya Manyovu, na kitu cha kwanza nilichopewa na nchi yako ni hicho, vumbi mdomoni. Nikajikung'uta, nikacheka. Ijumaa nilikuwa bado nacheka.

Wenzangu wa chuoni niliwaaga kwamba nakwenda kutembea. Mwanaamina wa Mombasa, anayesoma Kifaransa Burundi, anakwenda kuiona Tanzania, Jumatatu atakuwa darasani. Wakanitakia safari njema, wakaniagiza maharage ya milimani. Sikuwaambia kwamba sikufuata kilima wala mto. Nilifuata neno moja kutoka kwa mtu mmoja, na mtu mwenyewe ni wewe.

Mwezi ujao masomo yangu yanakwisha. Nikirudi Mombasa nimerudi. Baba si mtu wa kumwachia binti avuke mipaka kumfuata muuza vitenge. Ulilijua hilo. Ulikuwa ukija Buyenzi, mtaa wangu kule Bujumbura, kununua vitenge kwa mwenye nyumba wangu, ukaja tena, ukaja mpaka safari moja hukununua hata kimoja. Ulikaa barazani, ukanywa maji, ukaniambia, "Njoo uone kwetu." Mwanamume akisema njoo uone kwetu, ana lake moyoni. Nami nikaja kulichukua.

Ukanionyesha. Mungu ni shahidi, ulinionyesha.

Jumamosi hata jua halijafungua macho ulinionyesha soko la Kasulu, wauza migebuka wakipanga samaki wao wakavu kwa mstari, wanawake wa vijijini wakishusha maharage kichwani, pumzi zao zikitoka moshi kwa baridi. Ukanionyesha duka lako na rafu zake nusu tupu. Ukanionyesha chuo cha ualimu, madirisha yake, mikaratusi yake, ukaniambia nani alipanda mikaratusi hiyo na kwa nini. Nikasikiliza. Nilikuwa natazama midomo yako, nangoja igeuke upande wangu.

Kisha tukapanda Landrova ya Felisiani, rafiki yako wa tangu utotoni, tukaishika njia ya Kibondo kwenda kumwona mama yako. Nikajiambia, njiani atasema. Njia ni ndefu, na katika njia ndefu maneno hujitokea yenyewe.

Njiani ulisema, Hilali. Ulisema habari za miti ya miyombo. Ulisema habari za mbung'o, na tulipofika kwenye kizuizi, wale watu wenye nyavu walipolizunguka gari wakitafuta mbung'o walionasa kwenye turubai, ukanieleza mpaka ugonjwa wa malale unavyoanza, usingizi kwanza na homa baadaye, au homa kwanza na usingizi baadaye, sikumbuki. Kwenye daraja la Malagarasi ulimwambia Felisiani asimame, tukashuka, ukaninyooshea kidole maji yanakotoka na maji yanakokwenda. Maji yalikuwa ya hudhurungi, yamejaa, yanakwenda zake bila kumuuliza mtu. Niliyaonea wivu.

Ulinieleza kila kitu kisichonihusu. Nakwambia hivi nikiwa na hasira, na hasira yenyewe sijaimaliza.

Mama yako Epifania, ambaye hakuifuata dini ya baba yenu, tulimkuta nje ya nyumba yake mpya, kwenye kile kijiji kipya kando ya barabara, nyumba zimepangwa mstari kama askari wa gwaride, kila moja na mche wake wa mgomba usiofika magotini. Walihamishwa mwaka jana kutoka kilimani, ukanieleza, na hilo pia ulilieleza vizuri. Mama akaja akinifungulia mikono. "Mwakeye, mwana wanje," akanisalimu kwa lugha ya kwao, akiniita mwanawe, akanishika mabega yote mawili, akanitazama kama mtu anayetafuta sura ya ndugu aliyepotea. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa utomvu, inanuka nyasi mbichi. Niliiona mikono hiyo. Niliiona, nikadhani ni kazi za shamba tu.

Wajomba zako walikuwa wameketi kwenye vigoda wakizunguka chungu kikubwa cha pombe ya ndizi, mirija imesimama ndani yake, wanavuta kwa zamu na kuulizana habari. Waliniuliza habari za Bujumbura, habari za Mombasa, habari za baba, habari za mvua ya Mombasa. Nilijibu zote. Mjomba mkubwa, Tharsisi, alikuwa akipiga makofi polepole kila nikijibu, kwa heshima, na mimi nikaanza kupapenda pale, hata hasira ikakaa kando.

Ndipo mama yako akatoka ndani na chungu kidogo.

Kilikuwa kimefunikwa jani la mgomba. Alikibeba kwa mikono miwili, akapiga goti, akakiweka mbele yangu, si mbele ya mtu mwingine, akachomeka mirija miwili. Mmoja akaushika yeye, mmoja akaugeuzia kwangu. Wajomba wakaiachia mirija yao. Felisiani akavua kofia. Nikainusa ile harufu ya ndizi, ileile ya chungu kikubwa, nikamtazama mjomba Tharsisi na midomo yake iliyolowa, nikaziba mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Samahani, mama," nikasema. "Kwangu hii ni haramu."

Mama yako aliutoa mrija wangu kwanza, kisha wake, akaiweka juu ya jani. "Ni sawa, mwana," akasema, "kila mtu na dini yake." Akatabasamu. Lile tabasamu ninalo mpaka sasa, nimeshindwa pa kuliweka. Nikakutafuta kwa macho, Hilali. Nikakutafuta unieleze, kwa kuwa ulikuwa umeeleza mbung'o, umeeleza mikaratusi, umeeleza mto. Ulikuwa unatazama viatu vyako.

Mazungumzo yakarudi kwenye mvua. Tukala maharage na ugali wa muhogo, tukaaga mapema kuliko ilivyopangwa. Mama yako akatusindikiza mpaka garini na kibuyu kilichozibwa kwa gunzi, akanipa mimi. "Hicho cha njiani," akasema. Nilipokea kwa sababu mkono wa mama haurudishwi, kisha nikakisukuma chini ya kiti, nikakikanyagia kisigino kisigonge. Nikaona haya kusafiri na pombe. Nikaona haya, na njia nzima ya kurudi Kasulu hukusema hata habari za mto.

Usiku ule nililala chumbani kwa Kuruthumu. Nililia bila sauti, kwa ghadhabu zaidi ya huzuni, maana nilikuwa nimeiona nchi yako yote na sikuwa nimeambiwa kitu.

Jumapili mkanipeleka Manyovu. Barabara inapanda, inapinda, inapanda tena, kahawa huku, migomba kule, na ng'ambo vilima vya Burundi vinavyofanana na hivi kiasi kwamba mtu hujiuliza mpaka wamekata wapi. Foleni kwenye kizuizi ilikuwa fupi. Kuruthumu, aliyekuja kunisindikiza, akawa ananishushia mzigo. Akakiona kibuyu chini ya kiti.

"Wifi," akasema, kisha akajirudi, "Mwanaamina. Mbona hukunywa mutobe wa mama?"

Nikamwambia mimi sinywi pombe.

"Pombe ya wapi? Huo ni mutobe. Maji ya ndizi, basi, hayajatiwa hata mtama. Mtoto anakunywa, shehe anakunywa. Mama kwa sababu yako alikwenda mpaka kwenye mahame kule kilimani, migomba ya zamani ndiyo yenye ndizi, akabeba mwenyewe. Akakamua na nyasi kabla ya jua, usije ukasema umechacha."

Mikono myeusi. Nyasi mbichi.

"Kwao mama ndivyo wanavyofanya," Kuruthumu akaendelea, taratibu, maana alikwisha kuona uso wangu. "Msichana akitakiwa na kijana wa nyumba, mama mwenyewe ndiye anamletea chungu. Akinywa naye, wajomba wanaanza kusema. Akikataa, basi. Hawamuulizi tena." Akakutazama. "Hakukwambia?"

Basi hilo ndilo lilikuwa neno langu, Hilali. Nililolifuata kutoka Bujumbura, nililolingoja kwenye miyombo na darajani, liliwekwa mbele yangu limefunikwa jani la mgomba, na mrija juu yake, na mama yako kapiga goti. Nami nikaliita haramu mbele ya wajomba.

Nikakuuliza kwa nini hukusema. Neno moja lingetosha, mutobe, mtu hahitaji hata pumzi kulitamka.

"Mgeni akikataa hasahihishwi mbele ya wajomba," ukasema. "Ungeonekana hujui. Sikutaka uaibike."

"Na ndani ya gari?"

"Ndani ya gari nilidhani umekataa kweli. Nilidhani dini umeiweka kama kisingizio."

Kumbe na wewe ulikuwa umelia kwa namna yako. Nilitaka kukuhurumia, nikashindwa. Niliinama nikakitoa kibuyu, nikang'oa gunzi kwa meno, niunywe hapohapo, mbele ya askari wa mpaka, mbele ya Felisiani, akamwambie mama yako na mjomba Tharsisi kwamba nimekunywa, nimemaliza, sikuacha tone.

Povu likanirukia mkononi.

Mutobe ulikuwa umekaa kwenye joto la injini kutwa na kucha, umetikiswa toka Kibondo hadi Kasulu na toka Kasulu hadi Manyovu. Ulikuwa unachemka polepole ndani ya kibuyu, unanuka kama pumzi za wajomba. Kuruthumu alinusa akatikisa kichwa. Jana ulikuwa halali nikauita haramu. Leo nilikuwa tayari kuuita halali, nao umeshakuwa pombe.

Nilisimama pale na kibuyu mkononi, sijui kama nicheke. "Niulize sasa," nikakwambia. "Bila chungu, bila wajomba. Niulize kwa mdomo wako."

Ukatazama foleni. Ukamtazama askari, ukamtazama mwanamke mwenye kuku nyuma yangu. "Hapa, Mwanaamina? Mbele za watu?"

Wakanyanyua kizuizi.

Niliumimina barabarani. Sikuutupa kwa hasira, niulize Felisiani. Niliumimina taratibu kama mtu anayemwagilia mche, na vumbi la kwenu likaunywa wote bila kuuliza ni mutobe au ni nini. Matone yakanirukia viatuni, yakachanganyika na udongo, yakawa tope jekundu. Kisha nikakikung'uta kibuyu, nikakiweka kwapani.

"Kibuyu cha mama nakwenda nacho," nikasema. "Anajua chombo cha watu hakikai ugenini. Anayekitaka akifuate Buyenzi kabla ya mwezi kwisha, na asije kununua vitenge."

Ukaitikia kwa kichwa. Kwa kichwa, Hilali, hata siku ile.

Sasa ni Jumatano. Kibuyu kiko dirishani, na mwenye nyumba ameniuliza ni cha nini. Viatu nimeviacha mlangoni, sijavipangusa. Vumbi la kwenu limekauka juu yake, gumu, jekundu, na leo asubuhi nimekuta sisimizi wametoka uani kwa mstari, wamelizunguka, wanaramba. Wameupata utamu wake, wao ambao hakuna aliyewapigia goti. Nimechuchumaa nikawatazama mpaka nikachelewa darasani, na sikuwafukuza.