Nyeusi Chini

Asubuhi moja ya mwaka 1993, bendera ilipopandishwa kwenye kambi ya chifu karibu na Migori, watu wote walisimama wima isipokuwa Nyamusi, mjane aliyebaki ameketi kwenye nyasi.

"Mama, unadharau bendera?" chifu alifoka.

Nyamusi alimkazia macho. Chifu huyu ndiye aliyewahubiria barazani kwamba nyeusi ni wananchi na kijani ni ardhi yao, kisha akachukua shamba la marehemu mumewe akampa rafiki yake.

"Angalia juu, Chifu. Nyeusi iko chini."

Chifu akainua macho, akaona askari aliyeipandisha bendera ameigeuza juu chini. "Ishushe haraka!"

"Ishushwe ya nini?" Nyamusi akauliza. "Si hapo ndipo ulipotuweka?"